Namba Sita Mlangoni pa Choo

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, na kama umekuja na haraka yako iache nje. Nataka nikueleze jinsi watu wenye akili timamu walivyomhukumu vibaya mchezaji mmoja kwa miaka mingi, kwa bidii, tena kwa kuhesabu. Nitakwenda polepole. Kama hujui mpira, usiogope: mimi pia nilianza bila kujua kitu, na walionifundisha walijua kidogo kuliko mimi.

Juzi nilipita mbele ya karakana ya seremala, na harufu ya mbao iliyotoka kupigwa randa ikanishika. Unaijua ile harufu? Huanza tamu, halafu mwishoni inaacha uchungu mdogo nyuma ya ulimi. Nikasimama njiani kama mtu aliyeitwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja tena, niko Kasenga, kwetu kando ya ziwa, nimekalia kiti kisicho na mgongo, na mbele yangu kuna makopo matatu ya nyanya.

Papa alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa upande wa mbele wa nyumba yetu. Siku ya mechi ya timu ya taifa, ambayo mara nyingi iliangukia Jumapili baada ya ibada, alifagia maranda pembeni, na majirani wakaja kukaa juu ya vitu vya wateja. Wengine walikalia kitanda cha maharusi ambacho hakijapakwa vanishi, wengine kabati lililolazwa chali. Aliyechelewa alipata kiti cha miguu mitatu na akasikiliza dakika zote tisini akijisawazisha. Redio ilikuwa juu ya benchi la kazi, betri zake zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zirudishe nguvu. Mara kwa mara upepo wa ziwa ulipogeuka, kituo cha ng'ambo ya ziwa kiliingia katikati ya mechi na kutangaza msiba wa watu tusiowajua, kisha mpira ukarudi.

Mtangazaji wetu alisema Kifaransa. Papa alikielewa vizuri. Mimi nilikielewa kile cha shuleni. Koko, mama yake Papa, hakuelewa hata neno moja, na ndiye aliyekuwa mchambuzi mkuu.

Sasa nikueleze kazi ya makopo. Nyumbani kwetu hatukujisumbua na kipa wala mabeki wala washambuliaji. Tuliwapima viungo, yaani wale wanaocheza katikati ya uwanja, na Papa alikuwa na sababu yake.

"Timu iko sawa na kiti," alisema kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho "ndio" hukiita "njo". "Mabeki njo miguu, bale ba mbele njo mugongo. Katikati njo pa kukaa. Katikati kukiwa kubovu, utaanguka na matako yote."

Viungo wa timu ya taifa wakati ule walikuwa watatu, wenye namba sita, nane na kumi. Majina yao siyataji. Nao wana watoto, na watoto hawana kosa. Kila mtangazaji alipotaja jina la mmoja wao, mimi niliangusha haragwe moja kwenye kopo lake. Tak! Ilikuwa sauti ndogo iliyokauka, na watu wazima walinyamaza kuisikiliza. Mechi ikiisha tulihesabu. Mwenye maharagwe machache, namba yake iliandikwa kwenye mlango wa choo kwa ile penseli nene ya seremala, ikakaa pale mpaka mechi nyingine. Choo chenyewe kilikuwa cha nyumba tatu za ua mmoja, kwa hiyo kila aliyebanwa na tumbo, hata mchungaji alipotutembelea, alisoma kwanza nani tunamdharau.

Namba sita aliishi mlangoni pale. Mwishowe Papa aliacha kumfuta.

"Sita iko wapi?" Koko alimwuliza Papa kila baada ya muda, akimwita kwa jina langu mimi mwanawe. "Papa Riziki, ule muntu alikuya kweli? Ao alibaki ku hoteli?"

"Iko ndani, Mama. Bado hawajamutaja."

"Bado! Mutu mukubwa anangojea baseme jina yake, sawa mukwe mbele ya sahani!"

Mama Neema, jirani yetu muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikuwa akijipiga mapaja kwa kicheko. "Mumuache, Koko. Iko anachunga majani, viboko isiikule."

Hapo karakana nzima ilivunjika mbavu. Unacheka? Cheka tu, mimi pia nilicheka. Tulimdharau mtu yule kwa furaha kuu. Tulisema ana miguu ya mkopo. Tulisema mama yake alimzaa akiwa amekaa. Kituo cha ng'ambo kilipoingia na kutangaza msiba, Koko alisema, "Ngojeni, saa hii njo sita iko anacheza muzuri."

Namba nane, basi, huyo alikuwa mfalme. Kopo lake lilijaa hadi nikawa nayarundika maharagwe kwa kiganja. Mtangazaji alikuwa akilipenda jina lake, akalivuta, akalipandisha sauti, akalirudia mara tatu kwa pumzi moja. Jogoo wa ua wetu tulimwita Nane. Siku moja nilimwuliza Papa jambo lililokuwa likinitatiza, kwa sababu Kifaransa changu kilikuwa kimeanza kukua.

"Papa, hapa mtangazaji amesema nane amepoteza mpira. Nitie haragwe?"

Papa alifikiri kidogo. "Ili upoteze kintu," akasema, "lazima kwanza ukuwe nacho. Tia."

Nikatia. Sheria ilikuwa sheria.

Mwaka ule shule yetu ilipata timu ya wasichana. Mwalimu Feza, aliyetufundisha hesabu, ndiye aliyetukusanya. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na filimbi yake alikuwa ameifunga kwa uzi wa kushonea. Siku ya kugawa jezi alinipa sita. Nililia palepale, mbele ya wote.

"Riziki, unalia juu ya nini?"

"Mwalimu, minye siwezi vaa sita."

"Iko na nini hii sita?"

Ningemwambia nini? Kwamba ni namba ya choo? Nilifuta pua kwa mkono. Yeye akachuchumaa, akanielekeza kwa kijiti mchangani, akiweka kokoto moja hapa na nyingine pale. "Huyu njo Sifa, beki yangu. Weye uko hapa, mbele yake. Batu ba ngambo bakitaka kupita, bakukute. Usimuache Sifa peke yake. Hata usiguse mupira mara moya, minye nitafurahi."

Hata usiguse mpira mara moja! Mwalimu wa watu alikuwa akinipa siri ya mchezo wote kwa kijiti na kokoto, na mimi nikasikia tusi.

Sifa alikaa nyumba ya pili katika ua wetu. Tulichangia kamba ya kuruka, choo, na chawa. Alikuwa na miguu mirefu na maneno machache, na jezi yake ilikuwa tano. Yeye alikuwa na sababu yake ya kutaka kushinda. Timu yetu ilibakiza mechi moja tu, dhidi ya wasichana wa Makobola, na mshindi angepandishwa gari kwenda kucheza Bukavu. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona Bukavu. Lakini dada yake Sifa, yule aliyemlea mgongoni, alikuwa ameolewa huko, na tangu siku ya harusi hawakuonana. Mama yao hakuwa na nauli ya kumpeleka mtoto kutembea tu. Mfuko wa ndagala wa kumpelekea dada ulikuwa umeshafungwa na kutundikwa ukutani kwao, na Sifa kila jioni aliupapasa kuona kama panya hawajaugusa.

Siku ya mechi Papa alifunga karakana. Koko alikuja na kitenge chake cha ibada, kopo moja mkononi, na maharagwe ameyafunga kwenye pembe ya kitenge. Nilipoingia uwanjani alilitikisa kopo tupu ili nilione. Pembeni kijana wa kwaya alikuwa ameshika megafoni na karatasi yenye majina yetu yote, na tangu mpira ulipoanza alitangaza bila kupumua, sawasawa na mtu wa redio.

Nisikilize vizuri hapa, maana kosa langu lilianza mahali padogo.

Mwanzoni nilisimama pale Mwalimu aliponiweka. Kiungo wao wa Makobola, msichana mfupi aliyenyolewa kipara, alikuwa akipokea mpira, anainua kichwa, ananiona, kisha anageuka na kuurudisha nyuma. Akafanya hivyo mara moja, akafanya tena, akafanya tena. Mimi nikaona hakuna kinachotokea. Megafoni ilitaja kila mtu isipokuwa mimi. Nikamtazama Koko, kopo lilikuwa limekaa kimya kwenye mapaja yake.

"Riziki!" akaita, na sauti ya Koko haikuhitaji megafoni. "Weye uko mukwe?"

Watu wa pembeni wakacheka. Walikuwa watu wa Kasenga, waliujua utani ule. Na mimi nikaondoka.

Nikaufuata mpira kila ulikokwenda. Nikakimbia kushoto, nikakimbia kulia, nikamnyang'anya mpira hata mwenzangu wa timu moja. "Riziki!" ikasema megafoni. "Riziki tena! Riziki ameupoteza! Riziki anaufuata!" Lo, utamu ule nikuelezeje? Kusikia jina lako likipita juu ya vichwa vya watu, likifika hadi barabarani, na baada yake, ukitega sikio, tak! Nikawa namba nane. Niliinua mikono nikiomba mpira. Nilianguka na kushika goti ambalo halikuwa na kitu.

Nyuma yangu Sifa alikuwa anaita. "Riziki, rudi! Bako bawili! Riziki, bako bawili!" Maana yake wapinzani wawili walikuwa wakimjia yeye mmoja. Nilimsikia. Sitakudanganya kwamba sikumsikia. Niliona tu kwamba sauti yake haina haragwe.

Yule mwenye kipara alipoinua kichwa sasa hakumkuta mtu. Akapita katikati na mpira, akampa mwenzake, na Sifa peke yake hakuweza kuwa mahali pawili. Likaingia bao la kwanza. Sisi tukasawazisha kwa mpira wa kona. Halafu, karibu na mwisho, likaingia la pili kwa njia ileile, nami nikiwa mbali kabisa, pembeni karibu na watu, nikigombania mpira wa kurusha.

Tukafungwa mbili kwa moja. Mwalimu Feza alikusanya jezi, akizikunja moja moja. Alipofika kwangu alinitazama kama mtu anayetafuta mahali hesabu ilipokosea. Wenzangu walikuwa wanalia. Sifa alikaa kwenye mfereji, miguu yake mirefu ndani ya maji machafu.

Na mimi? Mimi nilibebwa mabegani na baba yangu. Kopo la Koko lilikuwa limejaa, akawa anamwonyesha kila aliyepita. "Muhesabu benyewe! Uyu njo mujukuu yangu!" Kasenga ikanipigia makofi. Tulitembea kwenda nyumbani kama watu wanaotoka harusini, siku ambayo timu yangu imetolewa.

Tulipofika, Papa akawa na furaha inayotafuta kazi. Akauliza nani alitajwa kidogo kuliko wote. Tukafikiri. Megafoni ilikuwa imemtaja Sifa mara mbili tu, mara zote mbili wakati wa bao. Papa hakuwa mtu mbaya. Kwake sheria ilikuwa sheria, na hakuwahi kupima timu ya watoto kabla ya siku ile. Alifuta sita mlangoni, akaandika tano. Penseli nilimletea mimi.

Jioni kabla giza halijaingia Sifa alikuja chooni na kopo lake la maji. Akasimama. Akasoma. Akarudi nyumbani kwao bila kuingia. Wiki ile wakala ndagala za dada, kwa sababu zisingengoja mwaka mwingine, na harufu yake ikaingia hadi karakanani. Kuanzia hapo Sifa alikwenda shuleni kwa njia ya nyuma ya kanisa. Mimi nikadhani ananionea wivu. Kweli nilidhani hivyo, na nilimwonea huruma kidogo, huruma ya mtu mwenye kopo lililojaa.

Miaka minne ikapita. Siku moja mchana nilikwenda na wenzangu kwenye chumba kimoja cha Kasenga walikokuwa wanaonyesha mechi ya timu ya taifa kwa televisheni. Viungo walikuwa walewale, wamezeeka kidogo. Sikuwahi kuwaona kwa macho. Nilikuwa nawajua kwa masikio. Mpira ulipoanza tu, sauti ikakatika. Mwenye televisheni akaipigapiga ubavuni, akachomoa nyaya, akachomeka, ikabaki bubu. Watu wakapiga miluzi, wengi wakatoka wakidai kiingilio chao. Mimi nilibaki, nikatazama picha isiyosema.

Bila jina kutajwa, sikujua nimpende nani. Ikabidi nitazame. Na huyu hapa namba sita, mukwe wetu, mchunga majani. Anasogea hatua mbili kushoto. Anarudi hatua mbili kulia. Mpinzani anapokea mpira, anainua kichwa, anamkuta, anageuka, anarudisha nyuma. Anafanya hivyo mara moja, anafanya tena, anafanya tena. Niliwahi kuiona picha ile, nikiwa nimesimama ndani yake. Mchana mzima mtu yule alifunga njia bila kugusa mpira, kama mama anayesukuma mlango kwa kisigino huku amebeba chungu, na hakuna redio duniani ingeweza kutangaza pasi ambazo hazikupigwa.

Na namba nane, mfalme! Anainua mikono. Anapewa mpira, anaupoteza. Anaanguka, anashika goti, anainuka na kumlalamikia refa, na nyuma yake kuna njia pana kama barabara ya kwenda Fizi ambayo kila mtu anapita. Nikamjua mtu mvivu wa kichwa, mwenye kelele, mpenda jina, aliyeiacha nyumba ya wenzake wazi ili naye asikike kwa mama yake. Nusu ya maharagwe yake, sasa nilielewa, yalikuwa ya mipira aliyoipoteza. Nilimdharau kuliko nilivyowahi kumdharau yeyote, kwa sababu nilijua anavyojisikia akifanya vile. Dharau yetu ya ukoo haikufa siku hiyo. Ilihama nyumba tu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Sifa. Alikuwa uani anamenya muhogo. Nikasimama, nikaanza, "Sifa, ile siku ya Makobola..."

Hakuinua macho. "Nilikuita mara ngapi?"

"Sijui."

"Na minye sijui. Kuhesabu iko kazi ya kwenu."

Aliendelea kumenya. Hakunifukuza, hakunikaribisha. Sifa alipokuja kuonana na dada yake, dada alikuwa tayari na watoto wawili, na Sifa hakuwahi kuwabeba wakiwa wachanga. Hilo sikulirekebisha na haliwezi kurekebishwa, na mimi silisemi ili unionee huruma.

Papa nilimweleza mara nyingi, kwa subira, kwa kokoto na kijiti kama Mwalimu Feza. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Lakini redio haikumutaja." Koko alifariki akiamini namba nane alikuwa kiungo bora aliyepata kuzaliwa. Nilimpenda Koko, na katika habari za viungo hakujua kitu.

Leo maharagwe yamehamia kwenye simu. Mechi ya timu ya taifa haijaisha, watu wameshawapa viungo alama, huyu saba, huyu tatu, na yule mwenye alama tatu wameshamtukana hadi ukoo wake. Nawasoma, na nakuambia wazi nawaona ni watu wa ovyo, kama tulivyokuwa sisi, ila sisi angalau tulikuwa na haya ya kukaa pamoja tukisema. Wanampenda yule anayekimbia na kuanguka. Wanaona mguu unaogusa mpira. Mahali ambapo mpira uliogopa kwenda hawapaoni. Lakini wewe umenisikiliza hadi hapa, na jambo hili si gumu, unaliweza leo leo.

Timu ya taifa itakapocheza tena, zima sauti. Chagua kiungo asiyetajwatajwa. Kwa dakika kumi usiutazame mpira kabisa: mtazame yeye, na mtazame mpinzani anayemkabili pale anapoinua kichwa. Dakika kumi zikiisha, ndipo ufungue mdomo.